Injini Kuukuu za Mombasa Bara: Nguvu Huenda Wapi?

"Injini imechoka." Hukumu hiyo hutolewa kila siku kwenye gereji za Magongo, Mshomoroni na Shika Adabu, na mara nyingi hutolewa kabla boneti haijafunguliwa. Mwenye gari analalamika kwamba Peugeot aliyoachiwa na babake haivuti tena kama zamani. Fundi anauliza ni ya mwaka gani, anajibiwa, na shauri limekwisha. Kilichobaki ni kuelewana bei ya kushusha injini.

Mimi nashikilia kwamba miaka inabebeshwa lawama isiyo yake. Injini hupoteza nguvu kupitia mianya inayojulikana, na kila mwanya una dalili zake na kipimo chake. Hapa kwetu, ng'ambo ya kivuko na madaraja, mianya mikubwa zaidi imefunguliwa na maji ya visima, foleni, mafuta yaliyochanganywa na mazoea ya gereji ambayo kila fundi ameyarithi kwa aliyemfunza bila kuyauliza. Uzee wenyewe huja nyuma kabisa ya msafara huo.

Swali hili lina uzito kwetu kuliko linavyodhaniwa. Kiwanda cha AVA kilichoko Miritini kimekuwa kikiunganisha magari tangu miaka ya 1970, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho duniani kuunganisha Peugeot 504. Gari hilo lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na Wafaransa wenyewe waliacha kuunda saluni yake mwaka 1983, lakini sisi tuliendelea na 504 hadi 2004. Wakenya walikuwa na sababu ya kulipenda. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 yenye injini ya silinda sita. Leo magari yaliyotumika yanayoshushwa bandari ya Kilindini hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo, ile 504, Datsun 1200, Morris Minor au Land Rover unayoiona Mtongwe au Kiembeni haikuteremka jana. Imeishi hapa miongo kadhaa, ikanywa mafuta ya hapa na maji ya hapa, na sababu za uchovu wake ziko hapa hapa.

Tuanze na kazi yenyewe. Injini ya petroli ya 504, ile ya cc 1,971, ina pistoni nne, na kila pistoni hupanda milimita 81 na kushuka milimita 81. Chukua gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. Likifikisha kilomita 100,000, injini itakuwa imezunguka mara milioni 250, na kila ringi ya pistoni itakuwa imeteleza kwenye ukuta wa silinda zaidi ya kilomita 40,000, umbali wa kuizunguka dunia kwenye ikweta. Kinachozuia chuma kisisagane na chuma katika safari hiyo yote ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Ukifikiri hivyo, la ajabu ni jinsi injini inavyodumu. Oili ikiwa safi, joto likiwa sawa na filta ya hewa ikiwa nzima, silinda hulika taratibu sana, na injini iliyokwenda kilomita laki mbili inaweza kutoa karibu nguvu zilezile iliyozaliwa nazo.

Nguvu hupatikana kwa kubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha kuuwasha. Mchanganyiko ukibanwa sawasawa, mlipuko unasukuma pistoni kwa nguvu. Ukipata pa kupenyea, msukumo unapungua, kama pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake ya ndani imekauka: mkono unafanya kazi ileile, lakini tairi halijai. Pa kupenyea pakuu ni pawili: pembeni mwa pistoni, kupitia ringi na ukuta wa silinda, au juu, kupitia valvu zisizofunga vizuri. Gasketi ya hedi iliyoungua ni njia ya tatu, ila hiyo hujitangaza yenyewe kwa maji kuchemka na oili kugeuka rangi ya maziwa.

Kuna kipimo cha kutenganisha hayo mawili, nacho ni cha dakika chache. Injini inapashwa moto kwanza, plagi zote nne zinafunguliwa, waya mkuu wa koili unachomolewa. Saa ya kompresheni inabanwa kwenye tundu la plagi ya kwanza, msaidizi anakanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata. Mshale unaruka kidogo kidogo, na baada ya mizunguko mitano au sita unatulia. Injini nzima ya aina hii husoma pauni 140 hadi 170 kwa inchi ya mraba. Namba yenyewe ina maana, lakini tofauti kati ya silinda ina maana zaidi: moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, hapo ndipo ulipo ugonjwa. Kisha fundi anamimina kijiko cha oili kwenye tundu la silinda dhaifu na kupima upya. Mshale ukipanda vizuri, oili imeziba nafasi ya ringi, na shida iko chini. Usipopanda, shida iko juu kwenye valvu, na hapo kazi inaishia kwenye hedi. Injini haishuki hata kidogo.

Mtu asiye na saa hiyo anaweza kuanza na macho na pua. Moshi wa bluu baada ya kuteremka mlima mguu ukiwa umeachia mafuta, halafu ukakanyaga tena, mara nyingi unatokana na sili za valvu zilizokakamaa. Moshi wa bluu usiokoma unapovuta mzigo unaelekeza kwenye ringi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: ikipumua kwa nguvu na kutema matone ya oili, moto unapenya pembeni mwa pistoni. Kwa dizeli, na hasa zile Nissan na Toyota za zamani zilizobeba abiria wa Bombolulu na Mikindani, kompresheni ndiyo inayowasha mafuta yenyewe. Ikishuka, gari linasumbua kuwaka asubuhi na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi.

Sasa nije kwenye valvu, kwa sababu hapo pana historia iliyofungamana na Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, na kwa miongo mingi petroli iliyouzwa Kenya ilikuwa na madini ya risasi. Risasi ilitiwa ili petroli isilipuke kabla ya wakati wake, lakini ilifanya na kazi ya pili ambayo wengi hawakuijua: iliacha utando kwenye viti vya valvu za ekzosi, na utando huo ukazuia valvu ya moto isishikamane na kiti chake na kukibandua chembe kwa chembe. Mwisho wa 2005 risasi iliondolewa katika petroli ya Kenya pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Algeria ilifuata mwisho kabisa, mwaka 2021, na dunia nzima ikawa imeachana nayo kwenye magari ya barabarani.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na nausema bila kusita. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mikindani hawahitaji kusimuliwa: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatia sumu hiyo majumbani mwao, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hakuna injini inayostahili bei hiyo.

Lakini kwa injini fulani, kuondoka kwa risasi kulianzisha uchovu mpya. Zile zenye hedi ya chuma cha kalibu, ambazo viti vya valvu vimechongwa ndani ya hedi yenyewe, kama injini ndogo za Morris Minor na Mini, valvu zake zilianza kuzama. Valvu ikizama, nafasi iliyoachwa kati yake na roka inakwisha, valvu haifungi hadi mwisho, moto unapita na kuiunguza. Madhara hayo huja zaidi kwa mwendo mkali wa muda mrefu. Anayezunguka Likoni kwa kilomita 40 kwa saa anaweza kukaa miaka asione kitu, halafu safari mbili za Nairobi zikamaliza hedi. Dawa yake ni ya kudumu: viti vigumu vinapachikwa mara moja na mashine, na habari inaishia hapo.

Peugeot 504 na Datsun 1200, kwa upande mwingine, zina hedi za aluminiamu. Aluminiamu haiwezi kubeba valvu bila kiti cha chuma kigumu kilichopachikwa, kwa hiyo magari hayo yalizaliwa na kinga. Fundi anayemwambia mwenye 504 kwamba "petroli ya siku hizi ndiyo imemaliza valvu zako" anatafuta mchawi mahali pasipo na mchawi.

Petroli ya siku hizi ina kosa jingine, nalo ni la watu. Kuchanganya mafuta ya taa ndani ya petroli na dizeli kulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati na injini inagonga inapopanda mlima. Sehemu isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili. Kwenye dizeli, inapunguza ulainishaji wa pampu na nozeli, ambazo hazina kilainishi kingine isipokuwa mafuta yenyewe. Dizeli nayo ilikuwa na salfa nyingi hadi nchi za Afrika Mashariki zilipoteremsha kiwango hadi sehemu 50 kwa milioni mnamo Januari 2015, na kufikia hapo kiwanda cha Changamwe kilikuwa kimeshaacha kusafisha mafuta tangu 2013. Salfa ikiungua na kukutana na unyevu hutoa asidi ya salfa, na asidi hiyo hula ringi na silinda. Matatu kuukuu iliyofanya kazi miaka ya 1990 ina makovu ya dizeli ile hadi leo, hata kama sasa inanyweshwa dizeli safi.

Hayo yote ni mambo ya nchi nzima. Lililo letu hasa, na ninaloliona baya kuliko yote, ni maji.

Mji wetu umekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji ya visima vingi vya Likoni na Kisauni yana chokaa na chumvi, na ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta kwa sababu yapo na ni ya bure. Yakichemka, chokaa inabaki. Miaka ikipita inajenga ukoko ndani ya njia za maji za injini, pale nyuma ya silinda ya nne ambako maji hayakimbii sana, na ukoko huo unazuia joto lisitoke. Chumvi nayo inakula aluminiamu ya hedi kuanzia kwenye midomo ya matundu ya maji, hadi gasketi inakosa pa kukalia. Injini inaanza kuchemka kwenye foleni. Mwenye gari analipeleka gereji, na fundi anafanya jambo ambalo karibu kila gereji ya bara hulifanya: anang'oa thamostati na kuitupa. "Mombasa kuna joto, bwana, hiki ni kifaa cha Ulaya."

Kauli hiyo imeua injini nyingi kuliko umri. Thamostati haina habari na joto la nje. Kazi yake ni kuhakikisha injini inafika haraka kwenye nyuzi 80 na zaidi na kukaa hapo, kwa sababu pistoni, ringi na oili vimepimwa kwa joto hilo. Ikiondolewa, gari likishika barabara tupu ya Mtwapa usiku, upepo unalipooza kupita kiasi. Petroli haigeuki mvuke sawasawa, inateremka kwenye silinda na kuiosha oili. Unyevu unaotokana na kuungua kwa mafuta haukauki, unabaki kwenye sampu na kugeuza oili kuwa ute mweusi. Gari linakula petroli zaidi, linavuta kidogo, na ringi zinalika haraka zaidi. Isitoshe, katika injini nyingi thamostati ikifunguka huelekeza maji yote kwenye rejeta na kubana njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine yanazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na gari lililong'olewa thamostati kwa sababu ya kuchemka linaendelea kuchemka.

Dawa ya injini inayochemka ni kusafisha rejeta na njia za maji, kuangalia feni na pampu, kurudisha thamostati mpya, na kujaza kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi wala chokaa. Maji ya mvua ya masika yaliyokingwa safi ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Hili halihitaji kipuri cha kuagiza Ulaya.

Foleni nayo ina hesabu yake. Mtu wa Likoni anayesubiri kivuko injini ikinguruma kwa nusu saa kila siku ya kazi, kwa siku 300 za mwaka, ataifanyisha injini kazi ya saa 150 ambazo mita ya kilomita haikuziona. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, muda huo ni sawa na safari ya kilomita 9,000. Yeye anangoja kilomita 5,000 zitimie abadilishe oili, lakini oili imeshazeeka kwa saa. Tena kunguruma bila mwendo ndiko kunakochafua plagi na kutia petroli kwenye oili, hasa gari likiwa na kabureta inayomwaga zaidi. Halafu kivuko kikifika, gari linatakiwa lipande ule mteremko wa kutokea kwa gia ya kwanza, na mwenyewe anashangaa kwa nini linasitasita. Nawashauri wa Likoni wabadilishe oili kwa kalenda, na wazime injini foleni isiposogea. Barabara ya Dongo Kundu imempa mtu wa kusini njia nyingine ya kufika Changamwe bila kupanda kivuko, na kwa injini kuukuu mzunguko mrefu wa mwendo mmoja ni afadhali kuliko ufupi wa kusimama-simama.

Vumbi nitalipitia haraka. Mchanga wa barabara za ndani za Kisauni una chembe ngumu kuliko chuma cha silinda. Filta ya hewa iliyotoboka, au iliyoondolewa ili "gari lipumue", inapeleka chembe hizo moja kwa moja kwenye ringi. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuzeesha injini.

Linalonihuzunisha zaidi ni gari lisilotembea. Mzee amefariki, Peugeot yake imefunikwa turubai chini ya mwembe, watoto hawataki kuiuza kwa sababu ni ya baba. Wanaihifadhi kwa mapenzi, na hewa ya bahari inaila kimya kimya. Injini ikisimama, daima kuna silinda ambayo valvu yake imebaki wazi. Unyevu wenye chumvi unapita kwenye ekzosi, unaingia hapo, na kutu inachora duara kwenye ukuta mahali ringi zilipolala. Siku gari linapowashwa, ringi zinapita juu ya kutu hiyo kama tupa. Baada ya wiki moja gari linafuka moshi wa bluu, na watu wanasema limezeeka. Anayetaka kuhifadhi gari kwa muda amimine oili kidogo kwenye kila tundu la plagi, azungushe injini kwa mkono ili itapakae, azibe mdomo wa ekzosi na kabureta kwa kitambaa chenye oili, na amwage maji ya kisima yaliyomo kwenye rejeta.

Mpaka hapa nimesema juu ya injini, lakini sehemu kubwa ya nguvu zinazodaiwa kupotea hazikupotea ndani ya injini kabisa. Pointi za distributa zilizolika hubadilisha wakati wa moto. Ngozi ya kifaa cha vakyumu ikichanika, moto hausogei mbele injini ikiwa na mzigo mdogo, na gari linakuwa zito. Shafti ya kabureta ikilegea, hewa inaingia pasipo halali. Ekzosi iliyobonyea kwa mawe, klachi inayoteleza, breki zilizoganda kwa kutu ya chumvi: kila moja ya hizo humfanya dereva aape kwamba injini imekwisha. Kabla ya kumwita fundi, endesha gari kilomita chache bila kufunga breki kwa nguvu, kisha simama mahali tambarare na usogeze kiganja karibu na rimu. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko wenzake, umeshapata mahali ilipokwenda sehemu ya nguvu zako. Nimeona magari yaliyopangiwa kufunguliwa injini yakapona kwa pointi mpya, plagi na kurekebishwa taiming.

Mombasa ina jambo jingine linalotudanganya wote, nalo ni usawa wa bahari. Hewa yetu ni nzito, imejaa, ingawa joto la kaskazi huipunguza kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na huko kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Injini yenye kabureta hupoteza takribani kiasi hichohicho cha nguvu. Sasa chukua injini ya nguvu za farasi 90 ambayo imepoteza sehemu moja ya kumi kwa ringi na valvu. Hapa pwani ina 81, na kwenye barabara tambarare ya Bamburi hakuna atakayegundua. Ikifika milima ya karibu na Nairobi, inabaki na 66 hivi, ina watu watano na magunia ya nazi, na dereva anaamini imeharibika njiani. Haikuharibika njiani. Ilikuwa mgonjwa tangu Kisauni, ila pwani iliifichia siri. Kwa sababu hiyo naona kupanda kwa Mazeras ni kipimo cha uaminifu: gari lililokuwa likipanda hapo kwa gia ya tatu mwaka jana na sasa linadai ya pili, mzigo ukiwa uleule, limepungukiwa na kitu, na ni wakati wa kutoa saa ya kompresheni.

Na kama kipimo kimesema kweli kwamba ringi na silinda zimekwisha? Wengi hupachika injini ya Toyota au Nissan iliyotumika Japani. Siwalaumu wenye kutafuta riziki kwa gari, kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana. Lakini wajue wananunua injini isiyojulikana historia yake, na nayo ipimwe kompresheni kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kwa 504 nina maoni makali zaidi. Silinda zake ni slivu zinazochomolewa, maji yanazizunguka moja kwa moja. Haihitaji mashine ya kupanua mashimo: slivu nne, pistoni na ringi zake hubadilishwa kwa seti, na injini inarudi kwenye vipimo vyake vya kiwandani. Kung'oa injini kama hiyo na kuitupa kwenye chuma chakavu ni hasara ya kitu ambacho hakitaundwa tena.

Injini ikishatengenezwa, oili ndiyo itakayoamua maisha yake. Oili nyepesi za petroli za tangu kiwango cha API SM cha mwaka 2004 zimepunguziwa fosforasi, na pamoja nayo zinki, ili kulinda vifaa vya kusafisha moshi kwenye magari mapya. Kamshafti za kizamani zenye tapeti bapa zilitegemea zinki hiyo. Zikiikosa, migongo yake inalika, valvu hazifunguki hadi mwisho, na injini inabanwa pumzi ingawa kompresheni ni nzuri. Oili ya 20W-50 haibanwi na kikomo hicho na inalifaa joto letu, mradi ni halisi na imefungwa kwenye kopo. Ile ya kupimiwa kwenye chupa za maji kando ya barabara iachwe. Na anayenunua gari kuukuu achomoe dipstiki na kuisugua oili kwa vidole: ikiwa nzito na ya kunata kupita kawaida, kuna mtu amejaribu kuficha moshi.

Mafundi wetu wana mikono hodari, na wengi wao wameyaweka magari haya barabarani kwa vipuri ambavyo mwingine angevikatia tamaa. Ninalowaomba ni kuweka kipimo mbele ya hukumu. Nawe mwenye gari, kabla hujakubali injini yako ishushwe, mwambie fundi akuandikie kwenye karatasi namba nne za kompresheni, za kwanza zikiwa kavu na za pili baada ya kutiwa oili. Akikosa saa ya kupimia, mpeleke kwa mwenzake aliye nayo. Na muulize pia thamostati iko wapi.